Mikono Tuliyoikuta Ōtara

Watoto wa Ōtara, kitongoji cha kusini mwa Auckland, hawakuwa na haya kuniuliza habari za meno yangu. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na wenyeji wa huko tunajulikana tukicheka tu: maji yetu yana floraidi nyingi mno, na aliyeyanywa tangu utotoni hukua na meno ya kahawia yenye madoa. Sasa mtu wa namna hiyo akivaa glovu na kuingia kwenye gari la kutibu meno ya watoto wa shule, barakoa ikishuka tu maswali hayakwepeki. "Anti, kwani wewe hupigi mswaki?" aliniuliza mtoto mmoja, pamba bado ziko mdomoni. Nikamweleza habari ya maji. Akafikiri kidogo, kisha akasema hata baba yake ana meno kama hayo, ila yake ni ya sigara.

Jina la Anti walinipa wenyewe. Kusini mwa Auckland kila mwanamke aliyemzidi mtoto umri ni Anti, sawasawa na Dar es Salaam, na hilo lilinifanya nijione niko kwetu kabla hata sijazijua njia za mabasi. Nilifika Nyuzilandi mwaka 2009 kumfuata mume wangu, nikasomea kazi ya kumsaidia tabibu wa meno, nikaajiriwa kwenye gari linalozunguka shuleni. Tulikuwa tunaegesha uwanjani, tunavuta waya wa umeme na mpira wa maji kutoka jengo la karibu, na shule nzima inapita mikononi mwetu darasa baada ya darasa. Watoto wa Kisamoa, wa Kitonga, wa Visiwa vya Cook, wa Niue, na Wamaori wenyewe, wenye nchi.

Vinywa vile vilinisikitisha. Nchi hii inawatibu watoto meno bure mpaka siku wanapotimiza miaka 18, lakini kila mwaka takwimu zinatoka zilezile: mtoto wa Kimaori au wa Pasifika, yaani wa asili ya visiwa vile, akifika miaka mitano ana meno mengi yaliyooza kuliko mwenzake wa Kizungu. Baada ya miaka 18 kila mtu na mfuko wake, na kuziba jino moja kunaweza kula fedha ya chakula cha wiki nzima. Kwa hiyo mzazi anasubiri mpaka usiku usiolalika, ndipo anapokwenda hospitali kung'olewa. Mtoto anakua akijua kwamba kazi ya daktari wa meno ni kung'oa.

Na upande wetu wa kiti nani alikuwepo? Tabibu niliyemsaidia alikuwa Mzungu, mama mpole sana. Daktari aliyekuja kutazama kesi ngumu alitoka India. Mimi Mmeru. Siku nzima tunachungulia vinywa vya Wamaori na Wapasifika, na kati ya tulioshika kioo na taa hapakuwa na hata mmoja wao. Sensa ya mwaka 2018 ilionyesha Wamaori ni asilimia 16.5 ya watu wa nchi hii, na watu wa Pasifika asilimia 8.1. Kwenye orodha ya madaktari wa meno hawafiki hata karibu ya hapo.

Kabla sijafika kwenye habari ya vijana, lazima niseme neno juu ya "nyumba ya mauaji". Ndivyo watu wazima wa Nyuzilandi wanavyoviita vile vibanda vya meno vilivyokuwa kwenye viwanja vya shule. Huduma hiyo ilianza mwaka 1921, chini ya Thomas Hunter, na ilisifiwa duniani kwa sababu iliwafundisha wasichana kutibu meno ya watoto bila kusubiri madaktari ambao hawakuwepo. Nchi nyingi ziliiga. Lakini mtoto aliyeketi pale hakuwa na habari na sifa za duniani. Alikumbuka keekee iendayo polepole, na jino kutobolewa bila ganzi. Mama mmoja wa Kimaori, wa kabila la Ngāpuhi kutoka kaskazini, alikuwa analeta watoto wake mpaka kwenye ngazi ya gari letu, halafu anarudi nyuma hatua kadhaa na kuwasha sigara. Ndani hakuingia kamwe. Nilipomkaribisha alicheka, akaniambia anausikia ule mlio wa keekee mpaka leo.

Mama huyo ameolewa na Mtonga, na nyumba yao ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua juu ya jambo hili.

Mwaka 2014 walikuja wanafunzi wachache wa udaktari wa meno kutoka Chuo Kikuu cha Otago, Wamaori na Wapasifika watupu, wakiwa likizo. Otago iko Dunedin, chini kabisa kwenye Kisiwa cha Kusini, na nchi nzima hakuna chuo kingine kinachotoa madaktari wa meno. Kitivo hicho kilifunguliwa mwaka 1907. Walitaka kukutana na vijana wa sekondari. Wakaomba vifaa, nasi wa kwenye gari tukaombwa tusaidie. Nilitegemea hotuba na mabango yenye picha za watu wanaotabasamu. Sina imani na mabango. Niliyaona mengi kwenye korido za shule, na sijamwona mtoto hata mmoja akisimama kuyasoma.

Hawakuja na mabango. Walianza kwa sala, kisha kila mtu akajitambulisha kwa desturi ya Kimaori: mlima wake, mto wake, watu wake, jina lake mwishoni. Zamu yangu ilipofika nikasema mlima wangu ni Meru na mto wangu ni Maji ya Chai. Watoto wakaipenda sana hiyo ya mto wenye chai.

Halafu meza. Kwenye meza ya kwanza walikoroga ule unga wa waridi wa kuchukulia alama za meno, kila kijana akatumbukiza kidole, ukaganda, wakamimina plasta, na baada ya muda kila mmoja ana kidole chake cheupe, kucha na mikunjo yote ipo. Meza ya pili ilikuwa na meno ya plastiki yaliyotobolewa tayari. Unachukua ule ute mlaini wa kuzibia, unausukuma ndani ya tundu kidogo kidogo, unauchonga kabla haujakauka, kisha unaumulika kwa taa ya buluu huku ukijikinga macho kwa kioo cha rangi ya chungwa. Ukizima taa, ute umekuwa jiwe. Vijana wakubwa, wenye mabega ya kuchezea raga, walikuwa wanagombea ile taa.

Meza ya tatu ndiyo iliyowashinda wengi. Unapewa kalamu na kioo kidogo cha mdomoni, karatasi inafichwa, unatakiwa kuchora nyota ukitazama ndani ya kioo peke yake. Mkono unataka kwenda kulia, kioo kinasema kushoto. Walimu wa shule walijaribu wakachora buibui.

Yule mama wa Ngāpuhi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 16. Alikaa meza ya mwisho, ya kuchonga jino kutoka kwenye kipande cha nta. Nilimpa kisu na jino la mfano, gego la chini, nikaenda kushughulikia plasta iliyomwagika. Niliporudi alikuwa amemaliza. Vilima vya kutafunia vyote vilikuwa mahali pake, mifereji inakutana panapotakiwa, na ule mteremko mdogo wa upande wa ulimi, ambao wanafunzi wa chuo huusahau, alikuwa ameuona na kuuweka. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alilichukua lile gego, akaligeuza geuza, akaniangalia. Tukamuuliza amejifunzia wapi. Akasema Jumamosi anakaa na mjomba wake, wanachonga mifupa. Wanatengeneza zile ndoana za Kimaori zinazovaliwa shingoni na kuziuza sokoni Ōtara. Kisha akasema shuleni wamemwandikisha kwenye kozi ya kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo.

Hapo ndipo liliponikaa kichwani jambo ambalo halijatoka. Kazi ya meno ni kazi ya mikono. Kemia ipo, sawa, na mitihani ipo, lakini mwisho wa yote mtu anatakiwa aingize vidole mahali padogo, penye giza na mate, afanye kazi safi kwa kipimo cha unywele. Na pale tulikuwa katikati ya watu wa mikono. Wamaori wanachonga mbao, mfupa na jiwe. Wanawake wa Visiwa vya Cook wanashona tivaevae, yale mashuka ya maua yenye mishono isiyohesabika. Wasamoa wanachora chale kwa vitana ambavyo kwa jadi vilitengenezwa kwa pembe za nguruwe. Wafiji wakitaka kumheshimu mtu kuliko wote wanamkabidhi jino la nyangumi. Mikono ilikuwepo siku zote, na macho pia. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba upande wa pili wa kiti kinachowatisha kuna kazi inayowafaa.

Wanafunzi wale walikuwa na hadithi nyingine niliyoipenda. Walieleza kwamba Wamaori wa kale, kabla ya meli za Wazungu, walikuwa na meno yasiyooza. Mafuvu yanaonyesha hivyo. Walikula sana mizizi ya kangaga, aruhe, ambayo ni migumu na ina mchanga. Meno yaliisha kwa kusagika, wengine yakabaki visiki, lakini kuoza kulikuwa nadra. Sukari na unga mweupe ndivyo vilivyoleta matobo. Msichana mmoja nyuma akauliza kwa sauti, kwa hiyo hatukuzaliwa na meno mabovu? Nyumbani alikuwa ameambiwa ni damu. Hata kwetu Meru watu walidhani rangi ile ni ya ukoo, mpaka wataalamu wakaja kupima visima.

Basi, kijana amevutiwa. Kwa desturi za Wazungu kazi imekwisha: mpe fomu ajaze. Kwa Mtonga kazi haijaanza. Wanafunzi wale walilijua hilo bila kuambiwa, wakaomba kukutana na wazazi, na baba wa kijana akasema tuje ukumbi wa kanisa lao jioni, maana nyumbani hatutatosha.

Hatukutosha hata ukumbini. Walikuja wajomba, mashangazi, mchungaji, wapiga tarumbeta wa bendi ya kanisa waliokuwa na mazoezi. Chakula kwanza: lu, yaani majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui la nazi yakaokwa, na viazi vikuu, na maji ya tikiti yenye nazi iliyokunwa. Nililamba vidole kama niko Tanga. Kisha wakamkalisha mbele bibi mzaa baba, mwanamke mnene mwenye mkeka mzuri kiunoni, na mdomo usio na jino hata moja juu. Nilijikuta nimemwinamia na shikamoo imenitoka. Akaipokea kwa kichwa, wala hakuuliza ni lugha gani.

Bibi aliuliza kwa Kitonga, mwanawe akatafsiri. Huko Dunedin nani atampikia? Kanisa lipo? Baridi ikoje? Ni miaka mingapi? Alipoambiwa mitano alishusha pumzi ndefu. Miaka mitano kijana haleti mshahara, na nyumba ile ilikuwa inategemewa mpaka Nukuʻalofa, huko Tonga: kuna misiba, kuna harusi, kuna karo za binamu. Akauliza tena, kwa nini meno? Kama ni kusoma miaka yote hiyo, si bora awe daktari kamili? Ukumbi ukacheka. Mwanafunzi mmoja, binti wa Kisamoa, akajibu kwa adabu kwamba naye bibi yake aliuliza hivyohivyo, na sasa kila Jumapili baada ya ibada anamzungusha kwa wazee wote awachungulie midomo. Hilo lilimgusa bibi kuliko takwimu yoyote.

Mama wa Kimaori yeye alitaka kujua kama mtu akienda huko anageuzwa kuwa Mzungu. Wakamtajia John Broughton, Mmaori aliyefundisha Otago: daktari wa meno, mmoja wa walioianzisha Te Whare Kaitiaki, kliniki ya Wamaori ndani ya kitivo hichohicho cha meno, na juu ya hayo mwandishi wa tamthilia zilizochezwa jukwaani. Mama akasema, kumbe mtu anaweza kuziba meno na bado akawa na la kusema.

Kisha ikaja karatasi ya kuandika majina na simu, na hapo bibi akauweka mkono wake juu yake. "Karatasi hii inakwenda wapi?"

Vijana hawakuelewa. Wazee wote walielewa. Watu wa visiwani waliitwa Nyuzilandi miaka ya 1950 na 1960 kujaza viwanda. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, polisi wakawa wanagonga milango alfajiri kutafuta waliozidisha viza, wakiwalenga Wapasifika hata pale ambapo wengi wa waliozidisha muda walikuwa Wazungu. Serikali iliomba radhi tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern akafunikwa mkeka kwa desturi ya Kisamoa mbele ya umati, na katika radhi hiyo kukawekwa fedha za ufadhili wa masomo kwa vijana wa Pasifika. Lakini jioni ile ya 2014 radhi ilikuwa bado. Bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Binti wa Kisamoa akaichana karatasi, akachukua simu yake, akasema atawapigia wazazi mwenyewe.

Kijana wa gego hakwenda. Baba yake aliumia mgongo kazini mwaka uliofuata, naye akachukua kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Nilimwonea uchungu, nikaacha. Yeye mwenyewe hakulalamika, na bado anachonga.

Aliyekwenda ni mdogo wake wa kike, ambaye hakuna aliyemwalika. Siku ya meza alikuwa na miaka 13, amekuja kumsubiri kaka yake, na muda wote alikaa kwenye ile meza ya kioo akichora nyota mpaka ikanyooka. Tangu hapo kila gari letu likipita alikuja kuniuliza masomo gani achukue. Nilimwambia ninayoyajua: usiiache kemia, usiiache fizikia, hata wakikushauri uchukue masomo mepesi. Maana hapo ndipo watoto wengi wa Ōtara wanapopotelea. Wanafika mwaka wa mwisho wa shule, ndoto wanayo, masomo hawana; mtu aliwaonea huruma wakiwa na miaka 15 akawaondoa kwenye sayansi.

Mwaka wa kwanza Otago ni mchujo. Wanaingia zaidi ya elfu moja kwenye mwaka wa sayansi za afya, wote wanataka udaktari, meno, famasia au tiba ya viungo, wanasoma seli, kemia, fizikia, mwili wa binadamu na afya ya jamii, na nafasi za meno ni chache. Kuna njia maalumu kwa Wamaori na Wapasifika. Mwaka 2012 chuo kilipitisha sera iliyoitwa Kioo cha Jamii, kwamba wanaohitimu wafanane na nchi watakayoitibu. Inapigiwa kelele sana. Binti aliwahi kuambiwa na mtu kwenye basi kwamba nafasi yake ni ya bure. Maoni yangu ni haya: alama ya chini anatakiwa aifikie, mitihani baada ya hapo ni ileile, na jino halimuulizi anayelitoboa aliingiaje chuoni. Nimefanya kazi na madaktari walioingia kwa alama za juu kabisa ambao mtoto wa Kitonga hakuwafumbulia mdomo.

Wenzake wawili wa shule moja naye hawakutaka kwenda kusini. Walisomea utabibu wa kinywa na meno hapahapa, pale Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Auckland (AUT), miaka mitatu, wanalala kwao. Naudhika nikisikia njia hiyo ikisemwa kama ya walioshindwa. Hao ndio wanaomshika mtoto wa miaka mitano mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo inayoamua kama atarudi akiwa na miaka 30.

Juu ya Dunedin sina mengi. Binti alinipigia simu akilia Juni ile ya kwanza, nyumba baridi, giza saa kumi na moja jioni, hakuna magimbi. Watu wa kituo cha wanafunzi wa Pasifika walimlisha na kumsomesha, akavuka.

Mwaka 2021 Otago ilifungua kliniki ya kufundishia Manukau, viti 32, karibu kabisa na nyumbani kwao, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupanda kutoka kusini kuja kutibu huko. Mwaka 2023 zamu yake ikafika. Bibi alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba meno yake ya juu yatatengenezwa na mjukuu wake na si mtu mwingine, na kwamba ndiyo maana amesubiri. Nilimsindikiza mara ya kuchagua rangi. Binti akatandaza vipande vya mfano, kimoja baada ya kingine akivishikiza mdomoni mwa bibi mbele ya dirisha, akashauri kimoja cheupe kiasi. Bibi akachukua kioo, akatazama, akakataa. Akanyoosha kidole kwenye kipande cha njano kuliko vyote, karibu na rangi ya meno yangu.

"Bibi, hicho kitakuzeesha."

"Nina miaka 81. Nikivaa hayo meupe mchungaji atadhani nimeyaazima."

Binti akamtazama mwalimu wake, mwalimu akasema mgonjwa ndiye anayechagua. Wakaafikiana kipande cha katikati, bibi akanung'unika kidogo, kisha wakaanza kubishana tarehe ya kuja kujaribisha: kliniki ilitaka Alhamisi, na Alhamisi bibi ana mazoezi ya kwaya. Ikawa Jumanne.